Alama Themanini na Moja za Chiriku

Kwanza alidhani macho yanamdanganya. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena na kuisoma ile karatasi ya mtihani kuanzia juu. Jina lilikuwa lilelile, mwandiko uleule wa kulalia kushoto, na alama alizozijumlisha mwenyewe kwa kalamu yake nyekundu zilikuwa themanini na moja. Akajumlisha mara ya tatu. Themanini na moja.

Haya, sasa wewe niambie. Mtoto aliyepata thelathini na mbili mwaka juzi, na thelathini na nane mwaka jana, themanini na moja ameiokota wapi?

Mwenye swali hilo alikuwa mwalimu wa taaluma wa chuo cha ufundi, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye mitihani yote ya umeme pale chuoni aliitunga yeye, aliifungia yeye kabatini na aliisahihisha yeye. Wanafunzi walimwita Darubini kwa kificho, na yeye alijua, na ukweli usemwe, jina hilo lilimpendeza. Mwenye zile alama alikuwa Chiriku, mtoto wa kaka yake. Kaka mtu ni dereva wa malori ya masafa, leo yuko mpaka huu, kesho mpaka ule, na mkewe alifariki binti akiwa na miaka sita. Tangu siku hiyo Chiriku analelewa na shangazi yake. Jina la utani alipewa kwa sababu alikuwa mtoto wa kuongea toka anapofumbua macho hadi anapofumba. Ungemtuma chumvi dukani angerudi na habari za mtaa mzima.

Chuoni kulikuwa na sheria: anayeanguka mara tatu mtihani wa mwaka wa kwanza anafungasha virago, hakuna rufaa. Sheria hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi, imetiwa sahihi na Darubini, kwa sababu ni yeye aliyeiandika. Na Chiriku alikuwa ameshaanguka mara mbili. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwa fundi umeme, kazi pekee aliyowahi kusema kwa mdomo wake kwamba anaitaka.

Kwa hiyo shangazi mtu alipaswa kuruka kwa furaha, siyo? Hakuruka. Alikaa palepale mezani, kalamu mkononi.

Akasahihisha zilizobaki. Miaka yote nusu ya darasa huanguka, na yeye alishazoea hivyo, aliona ndiyo kipimo cha mtihani mzuri. Mwaka huu kati ya wanafunzi ishirini walianguka wawili tu. Mtihani ulikuwa wake, kabati lake, ufunguo anauvaa shingoni hata akienda kuoga. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kipya: mwalimu.

Walimu wenzake walimpa jina Chekechea siku ileile alipofika. Alikuwa mwanamume mwembamba, mifuko ya shati imejaa vipande vya chaki, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Kwenye usaili aliulizwa amefundisha wapi. Akasema alianza na chekechea, miaka mitano. Walimu wakaangaliana. Akasema kisha akafundisha kisomo cha watu wazima, akina mama na akina baba waliokuja na miwani ya kuazimana. Kisha miaka miwili gerezani, karakana ya umeme.

"Gerezani ulikuwa unafundisha," Darubini aliuliza, "au ulikuwa unafundishwa?"

Mkuu wa chuo alikohoa. Chekechea akacheka kwa moyo mkunjufu na kusema, "Vyote viwili, mwalimu." Jibu hilo halikumwingia Darubini hata kidogo. Tangu hapo akamtia alama.

Na alichokiona muhula mzima kilimzidishia shaka. Siku moja alisikia kelele uwanjani, akatoka kuchungulia. Darasa zima la mwaka wa kwanza, watu wazima wenye ndevu na wengine wenye watoto wao nyumbani, walikuwa wameshikana mikono kwa duara. Mmoja alikuwa betri. Mmoja alikuwa taa, amevaa kofia ya njano. Wanapitishiana mpira wa karatasi mkono kwa mkono, na Chekechea anapiga kelele, "Umeme huo unapita! Nani anaukata?" Anayeukata alikuwa Chiriku. Yeye ndiye aliyekuwa swichi. Akiachia mkono wa jirani yake, mpira unakwama, mwenye kofia anaivua, na wote wanaangua kicheko. Chiriku alicheka mpaka akainama. Darubini hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo, na badala ya kufurahi akasema moyoni: hawa wananificha kitu.

Siku nyingine alipita dirishani akamkuta Chekechea ameketi nyuma ya darasa, mikono kifuani, mwanafunzi anamuuliza swali, na yeye anajibu, "Sijui. Muulize aliye jirani yako, halafu mniambie wote wawili." Mwalimu gani huyo anasema sijui mchana kweupe? Tena mara nyingine alimfumania asubuhi karakanani anafungua mbao za mazoezi, zile zenye taa na swichi, anang'oa waya hapa, analegeza skrubu pale.

"Unaharibu vifaa vya chuo?"

"Naviharibu saa moja, mwalimu. Wao wanavitengeneza kabla ya saa nne."

"Na anayeshindwa?"

"Anakaa na aliyeweza. Aliyeweza haruhusiwi kugusa, anaruhusiwa kuuliza tu. Kesho yake yule aliyeshindwa anajaribu peke yake."

"Hiyo ni njia ya wapi?"

"Ya kila mahali. Mtoto wa chekechea anajifunza kufunga kamba ya kiatu hivyohivyo. Hata kule gerezani." Kisha akaanza kumweleza habari za nadharia za ujifunzaji, kwa adabu zote, kwamba mtu hujenga jambo jipya juu ya analolijua tayari, na kosa ni dirisha la kuonea mwenzako anawaza nini.

Loo! Hapo alikanyaga pabaya. "Baba, nadharia za ujifunzaji nilizisoma wewe hujajua kufunga hizo kamba unazozisema," Darubini akamjibu. "Wapo wanaosema kujifunza ni zawadi na adhabu. Wapo wanaosema ni kazi ya akili kupanga mambo. Wapo wanaosema mwanafunzi hujijengea maarifa, na aliye mbele yake humshika mkono mpaka asimame. Nilipata A."

"Hongera, mwalimu. Na darasani unatumia ipi?"

"Zote," akasema, akageuka, akaenda zake. Akatembea hadi ofisini kwa hasira, akafunga mlango, akakaa. Akajaribu kukumbuka siku moja, darasa moja, alipotumia mojawapo. Kisha akajiambia ana kazi nyingi.

Njia yake hasa aliijua Chiriku. Kila jioni, kabla ya kula, binti alisimama karibu na meza ya jikoni na kutaja: swichi ni nini, fyuzi ni nini, waya wa moto unaoleta umeme, waya wa nyutro unaourudisha, waya wa ethi unaoupeleka ardhini. Akikosea neno moja, anaanza upya toka mwanzo. Shangazi anasimama nyuma yake na kalamu, anagongagonga meza, tik, tik, tik. Miaka miwili hiyo. Na yule Chiriku wa zamani, msema ovyo, alibakiwa na maneno mawili: "Ndiyo, Shangazi."

Sasa huyuhuyu ndiye wa themanini na moja? Hapana. Mtihani umevuja, alijisemea Darubini, na kama umevuja, umevuja kupitia nyumbani kwangu.

Hapo ndipo upelelezi ulipoanza, na mtu mzima huyu hakuona haya. Alivuta uzi mweusi kutoka kwenye sweta yake, akaubandika kwa mate kwenye mlango wa kabati la mitihani, ili mtu akilifungua ukatike. Asubuhi tatu mfululizo alikuta uzi uko palepale. Mwingine angeshusha pumzi. Yeye akasema: mwizi huyu ni hodari, anarudisha hata uzi.

Nyumbani alianza kutega sikio. Chiriku akiongea kwenye simu, shangazi anapunguza sauti ya redio. Binti akicheka ujumbe, shangazi anauliza, "Nani huyo?" "Wa darasani." "Anasema nini?" "Hakuna kitu, Shangazi." Hakuna kitu! Watu hawacheki hakuna kitu. Alimwona pia mara mbili akiongea na Chekechea getini, mwalimu anampa karatasi, binti anaikunja na kuitia mkobani haraka.

Jumamosi, Chiriku akiwa uani anaanika nguo, shangazi yake aliingia chumbani kwake na kufungua ule mkoba. Najua, si tabia nzuri. Yeye mwenyewe alijua, ndiyo maana aliufungua amesimama karibu na dirisha ili amwone binti akirudi. Ndani mlikuwa na bisibisi, testa ya kupimia umeme, pipi, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa na maswali kumi, yameandikwa kwa mwandiko wa Chiriku. Manne kati ya hayo yalikuwa ya mtihani wake. Siyo yanayofanana, bali yenyewe hasa, na moja lilikuwa neno kwa neno: "Swichi huwekwa kwenye waya upi? Toa sababu moja." Na juu kabisa palikuwa na tarehe, wiki mbili kabla ya mtihani.

Akakaa kitandani. Kumbe. Kumbe ni kweli. Aliona aibu, aliona hasira, na chini ya vyote hivyo, ukitaka ukweli, aliona nafuu fulani mbaya, nafuu ya mtu aliyesema tangu mwanzo. Nafuu hiyo haikumaliza dakika. Kuvujisha mtihani adhabu yake ni kufukuzwa, hakuna cha mara ya kwanza wala ya tatu. Akiipeleka karatasi hii, anamfukuza mtoto aliyemlea. Asipoipeleka, atakuwa mwizi wa pili. Aliirudisha mkobani, kisha akaitoa tena, akaitia kifuani. Uani Chiriku alikuwa anaimba huku akikung'uta shuka.

Jumapili mchana kaka yake alipiga simu kutoka njiani, honi za malori nyuma yake. "Dada, amefaulu?"

"Amepata alama nzuri," akasema.

"Wacha wewe! Dada yangu, sijui nikushukuru vipi. Wewe ndiye mama yake. Bila wewe yule mtoto angekuwa wapi?" Akaendelea hivyo mpaka mtandao ukakata. Darubini alibaki ameshika simu, hana hamu hata ya chai, na siku nzima hakumtazama Chiriku usoni.

Jumatatu saa mbili aliiweka karatasi mezani kwa mkuu wa chuo. Usimwone mkatili. Aliamini kabisa kwamba anafanya lililo sawa, na alikuwa na macho mekundu ya kulia.

Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kelele kabla ya chai ya saa nne. Akaisoma karatasi, akaguna, akawaita wote wawili. Chiriku aliingia, akaiona ile karatasi, akamtazama shangazi yake. Hakuuliza imefikaje pale. Akasimama tu, mikono nyuma. Chekechea aliingia na chaki vidoleni, akaiona pia, akasema, "Ah. Ngoja nilete nyingine."

"Nyingine?" Darubini aliruka kwenye kiti. "Mkuu, umesikia? Ziko nyingine!"

Zilikuwa kumi na tisa. Chekechea alizitandaza mezani. Kila mwanafunzi na yake, kila moja na maswali kumi, kila moja na tarehe ileile. "Niliwaambia, leo nyinyi ndio watunga mtihani," alisema. "Mtauliza nini, na kwa nini hilo? Mtu hawezi kutunga swali zuri la kitu asichokielewa. Yake huyu nilimrudishia getini alipoiomba. Ni zoezi la kawaida, Mkuu. Kule kisomo cha watu wazima nilikuwa nalifanya kila mwezi."

Mkuu akaanza kupitia moja moja. Swali la swichi na waya lilikuwa kwenye karatasi kumi na mbili. La fyuzi lilikuwa kwenye tisa. Moja ilikuwa na maneno chini yake kwa herufi kubwa: "Hili Darubini atauliza hata kama dunia inaisha." Mkuu alijifanya anakohoa, lakini tumbo lilimcheza kwa kicheko.

Masikio ya Darubini yaliwaka moto. "Umejuaje?" akamgeukia Chiriku. "Neno kwa neno! Umejuaje?"

"Shangazi," Chiriku akasema polepole, "nimesimama kwenye ile meza miaka miwili. Maswali yako nayajua kuliko ninavyojua njia ya kwenda sokoni. Ni yaleyale. Mwaka juzi yaleyale, mwaka jana yaleyale. Nilikuwa nayajua hata nilipopata thelathini na mbili."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

Sasa kumbuka huyu ni Darubini, haangushwi na pigo moja. Alijikusanya. "Basi vizuri," akasema. "Kama walinibahatisha mimi, basi hawajui umeme, wananijua mimi. Hiyo themanini na moja bado ni hewa."

Mkuu alimtazama Chekechea akitegemea abishe. Hakubisha. "Hapo mwalimu amesema kweli," akasema. "Hata mimi hilo linaninyima raha. Mpimeni kwa kitu ambacho mwalimu hakukitunga wala mimi sikukigusa."

Wakakubaliana. Katika hospitali ya jirani kuna fundi wa matengenezo; aitwe, afunge ubao karakanani na kuweka hitilafu anayoijua yeye peke yake. Chiriku akiipata, alama zake zinabaki na kesi imekufa. Asipoipata, mtihani unafutwa na kuhesabiwa kuwa ameanguka. Mara ya tatu. Mkuu akamuuliza binti kama ameelewa. Akasema ameelewa.

Saa saba karakana ilikuwa na watu watano na harufu ya risasi ya kulehemu. Fundi wa hospitali alikuwa amefunga ubao kwa haraka kwa sababu ameacha jenereta limefunguliwa huko kwake, alisema hivyo mara tatu. Taa moja, swichi mbili kama zile za juu na chini ya ngazi, fyuzi, waya zimepangwa vizuri. Taa haiwaki. "Nusu saa," akasema, akaketi juu ya kopo la rangi.

Darubini alishika fomu ya mtihani na kalamu yake nyekundu, akasimama mahali anaposimama siku zote: nyuma ya Chiriku, hatua moja. Binti akachukua bisibisi. Akaigusa skrubu ya kwanza, bisibisi ikateleza. Akajifuta viganja kwenye sketi. Akagusa tena, skrubu ikadondoka, ikabingirika chini ya meza. Akainama kuitafuta, akainuka bila kuiona. Shangazi aliona shingo yake ikiloa jasho, na kalamu ikaanza yenyewe kwenye fomu: tik, tik, tik.

Chiriku akaweka bisibisi chini. Bila kugeuka akasema, "Shangazi, nakuomba usisimame nyuma yangu."

Aliisema kwa heshima zote, na ilimpiga usoni. Mbele ya Mkuu! Mbele ya yule Chekechea, mbele ya fundi wa watu asiyejulikana! Alitaka kusema, mimi nimekulea. Alitaka kusema, mimi ndiye mwalimu wa taaluma wa chuo hiki. Akamtazama Mkuu amtetee. Mkuu akamwonyesha dirisha kwa kidevu. Darubini akaenda dirishani, akawapa wote mgongo, akatazama uwanja mtupu na machozi yakimchoma.

Kwa hiyo yaliyofuata aliyasikia tu. Alisikia meza ikisogezwa. Alisikia swichi kuu ikizimwa. Kisha akasikia kitu ambacho hakukitegemea, Chiriku anaongea. Anaongea peke yake, tena haraka haraka, vile alivyokuwa akiongea ana miaka saba anaosha vyombo. "Haya, wewe umeingia hapa, umepita fyuzi, fyuzi nzima, umepita taa, umefika swichi ya kwanza, uko vizuri, umetoka, unaenda wapi wewe, umefika huku... mh-mh. Wewe umebanwa lakini hujagusa. Wamekubana shati." Fundi wa hospitali alicheka kidogo. Skrubu ikalegezwa, kisu kikakwaruza plastiki, skrubu ikakazwa. Swichi kuu ikawashwa, na mwanga ukaakisi kwenye kioo cha dirisha mbele ya Darubini.

Wakapiga makofi. Aligeuka. Taa ilikuwa inawaka.

"Ndiyo yenyewe," fundi akasema akisimama. "Skrubu niliibanisha juu ya plastiki badala ya shaba. Ukitazama utadhani imefungwa. Dakika kumi na moja, hongera binti." Darubini akaweka tiki kwenye fomu. Chini yake akaandika: Amepata.

"Bado," Chiriku akasema.

"Bado nini? Taa si hiyo?"

Chiriku alizima swichi, taa ikazimika. Akatoa balbu, akachukua testa na kuiingiza taratibu kwenye kishikio cha balbu. Kitaa kidogo cha testa kikawaka chekundu. Watu wakasogea. Akaigusisha upande wa pili, kisha akarudia tena ili waone wote.

"Taa imezimwa lakini moto upo," Chiriku akasema. "Swichi zinakata nyutro. Waya wa moto umekwenda moja kwa moja kwenye taa. Ingewaka na kuzimika vizuri tu miaka yote, mpaka siku mtu azime, aamini imezimika, apande ngazi kubadilisha balbu."

Fundi wa hospitali akapauka midomo. Akasogea, akaangalia, akashika kichwa. Hiyo hakuiweka kama mtego. Hiyo ilikuwa haraka yake, alikosea mwenyewe. "Mungu wangu," akasema, "jana nimefunga nne za hivi wodini, nikiwa na haraka hiihii." Akachukua kofia yake na kutoka mbio bila kuaga.

Darubini alisimama na fomu yake. Swichi huwekwa kwenye waya upi, toa sababu moja. Miaka kumi na minane ameuliza swali hilo, na miaka kumi na minane amesahihisha jibu lake kwa alama mbili. Na leo, yeye mwenye macho ya kuona kila kitu, ameona taa inawaka akaweka tiki.

"Uliwazaje kupima?" akamuuliza Chiriku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumuuliza kitu ambacho yeye hakuwa na jibu lake.

"Siku ile uwanjani mimi nilikuwa swichi," binti akasema. "Mwalimu alinisogeza upande wa pili wa taa, baada yake. Nikaachia mkono, taa ikazimika, lakini mpira ulibaki mikononi mwa taa. Sote tukaona." Akafunga balbu mahali pake, akaanza kukusanya vifaa. Chekechea alikuwa ameegemea ukuta anafuta macho kwa mkono wenye chaki.

Mkuu akampa Chiriku mkono. Akasema alama zinabaki, akasema Darubini na Chekechea wakae pamoja watunge mtihani mpya kwa mwaka ujao, kisha akauliza, kama mtu mzima anavyouliza kumfurahisha mtoto, kama ana ombi lolote.

"Ndiyo," Chiriku akasema. "Naomba nafasi ya bweni."

Darubini alidhani amesikia vibaya. Nyumba yao iko dakika kumi kwa miguu. Chumba cha binti kina dirisha na kitanda kizuri, alikinunua mwenyewe. "Bweni la nini?" akasema. "Chiriku, mwanangu. Nimekosea kuhusu ile karatasi, nakiri mbele ya Mkuu, nisamehe. Mkoba wako sitaushika tena. Lakini bweni la nini?"

"Nimeshakusamehe, Shangazi," Chiriku akasema, na uso ulionyesha hadanganyi. "Nitakuja Jumapili zote."

Fomu ya bweni ilifika mezani kwa Darubini siku iliyofuata saa tano, kwa kuwa bila sahihi ya mwalimu wa taaluma haiendi popote. Mwandiko ule wa kulalia kushoto. Aliisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, toka juu, jinsi anavyosoma kila karatasi, akitafuta kosa la kuirudishia. Mwaka wa masomo, sawa. Fani, sawa. Mlezi: hapo binti aliandika Shangazi, na kwenye mabano, mama yangu. Darubini akatua kidogo hapo. Kisha akafika penye sababu ya kuomba, na Chiriku alikuwa ameandika mstari mmoja: Nataka mahali ambapo nikikosea siogopi.

Akausoma tena. Akavua miwani, akalia, mlango ukiwa wazi, wanafunzi wakipita na kuchungulia.

Alipovaa miwani tena aliona kwamba binti amesahau kuandika tarehe. Fomu isiyo na tarehe hurudishwa, hiyo nayo ni sheria yake. Akaweka kalamu nyekundu kwenye droo, akatafuta ya bluu, akaandika tarehe mwenyewe, akatia sahihi.